Elliott Joslin: munganga aliyefundisha wagonjwa wa sukari kujipima wenyewe

Siku hizi kuna kifaa kidogo, kama kizibo cha chupa ya soda, ambacho mtu mwenye ugonjwa wa sukari anabandika nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Chini yake kuna uzi mwembamba sana unaoingia milimita chache tu katika ngozi. Uzi huo unapima sukari usiku na mchana, kila dakika chache, na kutuma hesabu kwenye simu. Mtu akiangalia simu anaona sukari yake iko ngapi, na tena anaona kama inapanda ao inashuka. Kifaa kinakaa mwilini siku kumi hivi ao wiki mbili, kisha kinatolewa na kubandikwa kingine.

Kifaa ni kipya, lakini wazo lililo ndani yake ni la zamani. Wazo lenyewe ni hili: mgonjwa wa sukari hawezi kungoja munganga amwambie hali yake mara moja kwa mwezi. Inafaa ajue mwenyewe, kila siku, na ajue la kufanya akisha kuona jibu. Mtu aliyelibeba wazo hilo kuliko wengine ni Elliott Proctor Joslin wa muji wa Boston, Marekani. Alitunza wagonjwa wa sukari kwa zaidi ya miaka sitini. Wanganga wengine walimpinga, na alikufa mwaka wa 1962 bila kuona mwisho wa ubishi huo.

Mtoto wa kiwanda cha viatu

Joslin alizaliwa tarehe 6 Juni 1869 katika Oxford, muji mdogo wa jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa na kiwanda cha viatu, na jamaa haikukosa kitu. Kijana alisoma kwenye chuo kikuu cha Yale, akamaliza mwaka wa 1890, kisha akaongeza masomo ya kemia ya mwili. Kutoka hapo akaenda kusomea unganga kwenye chuo kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka wa 1895.

Akiwa bado mwanafunzi, mwaka wa 1893, alimpokea hospitalini mgonjwa mmoja wa sukari, msichana aliyekuwa anakonda na kunywa maji bila kushiba. Joslin alifungua daftari kubwa na kuandika habari zake zote: umri, uzito, chakula alichokula, sukari iliyoonekana katika mkojo. Hilo daftari halikufungwa tena. Kila mgonjwa aliyekuja aliandikwa, na Joslin aliendelea kumfuata kwa barua hata akihama muji, mpaka siku ya kufa kwake. Daftari moja likawa mawili, kisha mengi. Wanganga wengi wa wakati ule walimwona mgonjwa, wakampa dawa, wakamsahau. Joslin yeye alitaka kujua nani aliishi, nani alikufa, na juu ya nini.

Ugonjwa wenyewe uliingia nyumbani kwao. Mama yake alipata ugonjwa wa sukari, na jina lake likaandikwa kati ya majina ya kwanza katika daftari. Mtoto ndiye alimtunza, kwa kupunguza chakula kinachogeuka sukari mwilini na kufuata kipimo. Mama aliishi zaidi ya miaka kumi na ule ugonjwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Hapo Joslin aliona kwa macho yake kwamba mgonjwa anayefuata mpangilio anaweza kupata miaka ambayo mwingine hapati.

Mwaka wa 1898 alifungua kazi yake mwenyewe Boston. Polepole akaacha magonjwa mengine na kushika ugonjwa wa sukari. Wakati ule hakukuwa karibu munganga mwingine katika inchi nzima aliyeishi kwa ugonjwa huo mmoja tu.

Miaka ya njaa

Ili kuelewa kazi yake inafaa kukumbuka vile hali ilikuwa kabla ya insulini. Insulini inatengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na kazi yake ni kufungulia sukari mlango itoke katika damu na kuingia katika mwili ili iupe nguvu. Kwa watoto na vijana wengi wenye ugonjwa huu, kongosho linaacha kuitengeneza. Sukari inajaa katika damu na kutoka na mkojo, huku mwili unakufa njaa. Mtoto aliyeshikwa namna hiyo hakuwa na maisha marefu: mara nyingi ilikuwa miezi, kwa wengine mwaka mmoja ao miwili, kisha akalala usingizi mzito asiamke tena.

Karibu na mwaka wa 1915, munganga wa New York aliyeitwa Frederick Allen alileta njia kali. Mgonjwa alinyimwa chakula mpaka sukari ikapotea katika mkojo, kisha akapewa chakula kidogo sana, kilichopimwa kwa gramu. Joslin alikubali njia hiyo na kuifundisha. Watu wengine waliongezewa miezi, wengine miaka. Lakini waliishi wakiwa mifupa na ngozi, na wengine walikufa kwa njaa yenyewe. Huo ndio upande mzito wa maisha ya Joslin, na hakuna sababu ya kuuficha. Alijua anachowaomba wazazi, na aliwaomba kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Mwaka wa 1916 alitoa kitabu kikubwa kwa ajili ya wanganga, kilichojengwa juu ya habari za wagonjwa elfu moja kutoka katika madaftari yake. Mwaka wa 1918 akatoa kingine, kidogo, ambacho mgonjwa mwenyewe aliweza kusoma nyumbani. Siku zile munganga alitoa amri na mgonjwa alitii bila kuuliza. Kumfundisha mgonjwa siri za kazi lilikuwa jambo geni. Joslin aliona kwamba katika ugonjwa huu amri haitoshi, kwa sababu munganga hayuko mezani saa ya kula.

Barabara ya Oxford

Mwaka wa 1921 Joslin aliandika habari iliyowashangaza wanganga wenzake. Alieleza juu ya nyumba tatu zilizosimama moja kando ya nyingine kwenye barabara pana ya muji mdogo. Katika nyumba hizo waliishi, kwa kufuatana, wakubwa saba wa jamaa, wanaume watatu na wanawake wanne. Sita kati yao walikufa na ugonjwa wa sukari.

Swali lake lilikuwa rahisi. Kama watu sita wa barabara moja wangekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, serikali ingetuma watu, nyumba zingekaguliwa, magazeti yangepiga kelele. Lakini hao walikufa mmoja mmoja, polepole, na hakuna mtu aliyeshituka. Joslin alitaka ugonjwa wa sukari uhesabiwe na upiganiwe sawa na magonjwa yanayoambukiza. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na bado ni ugonjwa unaoua bila kelele. Katika jamaa nyingi mtu anasikia jina lake kwa mara ya kwanza siku kidonda cha mguu kimekataa kupona.

Insulini inafika, na kazi mpya inaanza

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1922, katika muji wa Toronto inchini Kanada, insulini iliyotolewa katika kongosho za wanyama ilidungwa kwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa. Ilikuwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Mwezi wa nane wa mwaka huo dawa ilifika mikononi mwa Joslin. Wa kwanza kuipata kwake alikuwa mwanamke muuguzi ambaye njaa ya miaka mitano ilikuwa imemwacha karibu kivuli, asiyeweza tena kutoka nyumbani. Baada ya wiki chache alikuwa anatembea barabarani, na aliishi miaka zaidi ya ishirini baadaye.

Watu wengi walifikiri mambo yamekwisha: dawa imepatikana, munganga atoe sindano, mgonjwa aende nyumbani. Joslin aliona kinyume. Insulini haiponyeshi, inasaidia kwa saa chache, kisha inaisha. Na ikizidi, sukari inashuka kupita kiasi: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na anaweza kuzimia hata kufa. Kwa hiyo mgonjwa alipaswa kujua kudunga sindano, kuhesabu chakula, kutambua dalili za sukari kushuka na kubeba sukari mfukoni. Mambo hayo hakuna anayeyajua bila kufundishwa.

Basi Joslin akageuza hospitali kuwa shule. Wagonjwa walikaa darasani, watoto kwa watu wazima, wakijifunza kupima chakula na kupima mkojo. Aliwaandaa wauguzi wanawake ambao kazi yao ilikuwa kwenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa, kukaa naye siku kadhaa, kuona jiko lake na kumfundisha hapo hapo. Leo inchi nyingi zina wauguzi wa kufundisha wagonjwa wa sukari, na mizizi ya kazi hiyo iko kwa hao wanawake wa Boston.

Kwa kueleza matunzo alipenda mfano wa gari linalovutwa na farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi ya mwili. Farasi mmoja akivuta peke yake, gari linapinduka. Na mwenye kushika kamba za farasi si munganga, ni mgonjwa.

Kipimo cha rangi

Lakini mtu atashikaje kamba kama haoni barabara? Kipimo cha damu kilifanyika katika maabara tu, kilitaka damu nyingi, na jibu lilichelewa. Nyumbani kulikuwa na njia moja: mkojo. Mkemia Stanley Benedict alikuwa ametengeneza maji ya rangi ya bluu. Mgonjwa alitia matone machache ya mkojo ndani yake na kuyatia katika maji yanayochemka kwa dakika chache. Yakibaki bluu, hakuna sukari. Yakigeuka kijani, iko kidogo. Manjano, imeongezeka. Yakiwa mekundu kama tofali, hali ni mbaya.

Wagonjwa wa Joslin walifanya hivyo mara kadhaa kwa siku, kila siku, miaka na miaka, na kuandika rangi katika daftari. Kwa wengi ulikuwa mzigo. Mtoto alichemsha mkojo kabla ya kwenda masomo. Joslin mwenyewe alikuwa mtu mkali, wa kuamka mapema na kusali, asiyependa uvivu, na wagonjwa wengine waliona kwamba rangi nyekundu kwake ilikuwa kama dhambi. Wengine waliogopa kumwonyesha daftari, hata wakaandika rangi ya uongo. Ukali wake uliokoa watu, na kuna ambao uliwaumiza.

Tena kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro. Sukari haiingii katika mkojo mpaka ipite miligramu 180 hivi katika desilita moja ya damu. Chini ya hapo, maji yanabaki bluu, iwe sukari ni nzuri ao imeshuka vibaya. Tena mkojo unaonyesha mambo ya saa zilizopita, si ya sasa. Ilikuwa sawa na kuendesha gari ukitazama nyuma. Joslin alijua hayo, lakini aliona afadhali kuona nyuma kuliko kufunga macho.

Ubishi ambao hakuuona mwisho

Insulini ilipozuia vifo vya haraka, wagonjwa walianza kuishi miaka kumi, ishirini. Hapo wanganga wakaona jambo jipya: macho yanapofuka, figo zinaharibika, miguu inapoteza hisia na kuoza. Joslin alisema kwamba sukari inayokaa juu miaka mingi ndiyo inayoharibu mishipa, na kwamba anayeishika vizuri ataokoka, ao angalau atachelewa kuumia.

Katika miaka ya 1940 wanganga wengine wenye majina, hasa wa New York, walikataa. Kwao, mgonjwa akisikia vizuri, hakondi na hazimii, sukari katika mkojo si neno. Ale kama watu wengine, apate insulini, aachwe na amani. Kwa wagonjwa waliochoka kuchemsha mkojo, hayo yalikuwa maneno matamu. Na Joslin hakuwa na uhakikisho wa kuyamaliza. Alikuwa na madaftari yake, lakini madaftari hayakuweza kuonyesha kama waliofuata mpangilio waliokoka kwa sababu hiyo, ao kama ugonjwa wao ulikuwa mwepesi tangu mwanzo.

Hakulegeza. Alitumia wanganga waliofundishwa naye, kati yao Priscilla White, aliyeanza kazi mwaka wa 1924 na kujulikana kwa kutunza akina mama wajawazito wenye ugonjwa wa sukari, wakati ambapo wengi waliambiwa wasithubutu kuzaa. Alisisitiza miguu: kuosha kila siku, kukausha kati ya vidole, kutazama kama kuna jeraha, kutotembea bila viatu. Alisaidia kambi za likizo ambapo watoto walijifunza kujidunga huku wanacheza na wenzao. Na mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kutoa medali kwa mtu aliyeishi miaka 25 na ugonjwa wa sukari bila macho wala mishipa kuharibika. Waliostahili walikuwa wachache, lakini alitaka wengine waone kwamba inawezekana.

Joslin alikufa tarehe 28 Januari 1962, akiwa na miaka 92. Mpaka mwisho alikuwa bado anafanya kazi.

Baada yake

Mwaka ule ule wa 1962, mtafiti wa Marekani Leland Clark na mwenzake Champ Lyons walitangaza namna ya kupima sukari kwa umeme mdogo, wakitumia enzimu inayoshika sukari na kuigeuza. Hakuna mtu aliyefikiri siku hiyo kwamba kitu hicho kitavaliwa mkononi. Lakini hilo ndilo shina la vipimo vingi vya leo: ndani ya uzi mwembamba wa kifaa cha ngozi kuna enzimu ya namna hiyo, inayokutana na sukari katika maji yaliyo kati ya chembe za mwili. Mashini ya kwanza ya kupima tone la damu ilitoka mwaka wa 1970, ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Kifaa cha kwanza cha kupima mfululizo kilikubaliwa Marekani mwaka wa 1999.

Ubishi nao ulikwisha. Tangu 1983 mpaka 1993, wagonjwa 1,441 wa Marekani na Kanada waligawanywa kwa kura katika makundi mawili: moja la matunzo ya kawaida, lingine la kujipima mara nyingi kwa siku na kurekebisha insulini. Katika kundi la pili, hatari ya kuharibika macho ilipungua kwa asilimia 76, ya mishipa ya fahamu kwa asilimia 60, na ya figo kwa karibu nusu. Joslin alikuwa na haki. Lakini matokeo yalionyesha pia bei yake: waliobana sukari walishuka vibaya karibu mara tatu kuliko wengine. Kumbe kuona nyuma hakukutosha kwa anayekwenda karibu na shimo.

Hapo ndipo kifaa cha ngozi kinasaidia kuliko kitu kingine. Kinaonyesha sukari inaelekea wapi kabla ya kufika pabaya, na kinaweza kupiga kengele usiku wakati mgonjwa amelala. Nacho hakikosi kasoro: kinachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na jibu lisilofanana na vile mtu anavyosikia mwilini inafaa kuhakikishwa kwa tone la damu la kidole.

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, Ituri ao Maniema, kifaa hicho bado ni cha kusikia tu, kwa sababu ya bei na kwa sababu kinabadilishwa kila mara. Lakini somo la Joslin halikuanza na kifaa. Yeye alianza na maji ya bluu, daftari na muuguzi aliyeketi jikoni kwa mgonjwa. Tone la damu kwenye kituo cha afya, likiandikwa na tarehe yake, pamoja na chakula kilicholiwa na kazi iliyofanywa, linamwambia munganga mambo ambayo jibu moja la miezi mitatu iliyopita haliwezi kumwambia. Kutazama nyayo za miguu kila jioni hakudai franka hata moja. Na hesabu iliyo kwenye simu ya gharama, kama mwenyewe hajafundishwa la kufanya nayo, haimsaidii kuliko rangi nyekundu iliyofichwa katika daftari la uongo.